Asome Mwenyewe

Masjala ya Hospitali
Jumatatu, 3 Juni

Baba,

Shikamoo.

Jana nilitoka zamu ya Jumapili nikakuta chumba chako kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, na ukutani, pale inapoegemezwa baiskeli, imebaki alama ya usukani tu. Mezani umeniachia karatasi yenye majina ya posta za njiani na maneno haya: "Niandikie huko. Nakwenda kuona barabara inapoishia. Ufunguo uko kwa jirani." Mzee mzima, tarishi wa posta aliyestaafu kwa heshima, unaondoka na baiskeli kama kijana aliyegombana na mama wa kambo. Jirani anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi sicheki.

Naandika wakati wa mapumziko ya mchana na mlango nimeufunga kwa ndani, kwa sababu ninalokwambia hapa siruhusiwi kukwambia.

Daktari wa macho alikutaka urudi kuchukua majibu. Hukurudi. Majibu yakaja mezani kwangu ili yaingie kwenye faili. Kazi yangu ni kupiga muhuri, kuandika namba na kupanga kwenye rafu. Kusoma si kazi yangu, na niliapa hivyo siku niliyoajiriwa. Baba, nimesoma.

Si uzee na si vumbi. Ni presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana hukushtuka. Inakula kuanzia pembeni kuja katikati, na ilichokula hakirudi. Jicho la kushoto karibu limekwisha. La kulia linaweza kuokolewa likipasuliwa mapema. Daktari bingwa anakuja hapa mara moja tu kwa mwaka, na mwaka huu ni Jumatano, tarehe 10 Julai. Nimekuandikisha. Ukikosa siku hiyo, akija tena mwakani hatakuta jicho la kupasua.

Geuza, tafadhali. Panda basi, baiskeli waifunge juu.

Bahasha nimeigonga muhuri mwekundu wa SIRI na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa ASOME MWENYEWE. Usimpe mtu mwingine aisome, hata kama ni rafiki yako wa posta. Mkuu wa masjala akijua nimetoa majibu ya mgonjwa kabla ya daktari, nitafukuzwa siku hiyo hiyo, na unajua nyumba yetu inakula wapi.

Mwanao,
Karani


Posta ya mji wa matofali
Jumamosi, 8 Juni

Mwanangu Bi Muhuri,

Marahaba. Bahasha yako nimeipokea kwa mikono miwili. Muhuri mwekundu kama mdomo wa bibi harusi! Bwana wa dirishani aliniangalia mara mbili, akadhani labda mimi ni mtu mkubwa serikalini niliyejificha kwenye kaptula. Nimeiweka kifuani, ndani ya shati, isilowe jasho la mgongoni.

Sasa nikueleze. Unakumbuka njia yangu ya barua ilikuwa inaishia darajani. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mshona viatu. Nikimpa barua zake nageuza. Maisha yangu yote ya kazi nimegeuzia pale. Upande wa pili nilikuwa nauona tu, barabara inapanda, inakunja kushoto, inapotea. Safari hii nilifika darajani, nikashuka, nikasimama. Halafu nikapanda tena na kuvuka, na nilipofika ng'ambo nikapiga kengele kama mwendawazimu. Hapakuwa na mtu wa kunipisha. Nilijipigia mwenyewe.

Mke mwenza wa marehemu mama yako hajambo. (Usikunje uso, ni mama yako mwenyewe aliyeibandika baiskeli jina hilo, siyo mimi.) Mnyororo unalia kidogo, spoki moja imekatika, nimeifunga kwa waya. Mlimani nashuka nasukuma. Juzi mbuzi alinipita. Akageuka kuniangalia kwa huruma, nikamwambia tangulia, nitakukuta. Naendesha asubuhi tu. Jua likishapanda, lami inakuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa, basi natafuta kivuli nalala.

Na wewe ukiniandikia tena, andika kubwa kubwa basi. Mwandiko wako ni wa mchwa.

Baba yako,
Tarishi


Masjala ya Hospitali
Alhamisi, 13 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu. Nimepata mbuzi, spoki na bibi harusi. Kuhusu macho, kimya. Kuhusu tarehe 10 Julai, kimya. Kuhusu mimi, kwamba mwandiko wangu ni wa mchwa. Mwandiko wangu ni wa ofisi, Baba. Umesifiwa na wakaguzi.

Labda sikueleza vizuri, kwa hiyo naeleza tena. Hiyo lami inayogeuka maziwa si jua. Ni jicho. Likiisha la kulia hutaona barabara, hutaona mpini ulioushika, na hakuna dawa duniani ya kukurudishia. Ipo njia moja tu, nayo ina tarehe.

Jana mkuu wa masjala aliuliza faili lako lilipo. Nilikuwa nimelificha kwenye droo yangu, chini ya kitambaa cha kufutia vikombe, ili asione nimeandika jina lako kwenye orodha ya upasuaji kabla hujarudi kwa daktari. Nilimwambia liko juu. Hakuna juu katika masjala yetu, Baba, jengo halina ghorofa. Akaniangalia, akazungusha zile funguo zake kidoleni, akaondoka. Tangu hapo kila zikilia funguo naisukuma droo kwa goti.

Ninakuomba jambo moja dogo: andika neno "ninarudi." Hilo tu. Barua hii pia ni ya macho yako peke yako.

Mwanao,
Karani


Posta ya mji wa reli
Jumatano, 19 Juni

Mwanangu,

Bahasha ya pili nimeipata. Nayo ina mdomo mwekundu. Nilikaa nayo kwenye benchi nje ya posta mpaka wakafunga dirisha.

Sikiliza. Mimi si mtu wa maneno mazito, mama yako ndiye alikuwa nayo. Lakini lililokwisha kuwa limekwisha kuwa. Sina hasira na wewe, sina hasira na mtu yeyote. Usijifungie ndani. Kula. Tutalibeba, kama tulivyobeba mengine.

Nimegundua kitu: barabara ina sauti. Tairi likiwa juu ya lami linaimba, likigusa ukingo linanong'ona, likiingia kwenye kokoto linagombana na wewe. Mtu anaweza kwenda mbali kwa kufuata ule mnong'ono. Kijana ukiwa na haraka husikii haya. Malori nayo yanajitangaza mapema, nashuka, nasimama nyasini, nawapungia. Wengine wanapiga honi kunisalimia. Wengine wananitukana, nadhani, ila upepo unachukua matusi nusu, mimi nabaki na salamu.

Bado mji mmoja nifike barabara inapoishia. Wanasema kuna ukuta mfupi wa mawe, na mbele yake hakuna kitu, maji tu.

Barua ijayo usiitume huko. Nitumie pale pale mji wa matofali. Nimesahau kitu huko.

Baba yako,
Tarishi


Masjala ya Hospitali
Jumatatu, 24 Juni

Baba,

Umesahau kitu mji wa matofali. Una nafasi ya kurudi nyuma safari nzima kwa ajili ya kitu ulichosahau, pampu au kofia, sijui. Kwa ajili yangu huna.

"Lililokwisha kuwa limekwisha kuwa." Halijakwisha! Ndilo ninalokupigia kelele mwezi mzima kwa mwandiko wa mchwa. Umeamua kupofuka, na umeamua kwa furaha, ukisikiliza tairi linanong'ona, na mimi uliyeniacha hapa hukuniuliza. Unasema tutalibeba. Nani atalibeba? Wewe utakaa kitini. Mimi ndiye nitakayekata nyama yako vipande, nitakayekufunga kamba za viatu, nitakayekimbia kutoka kazini kuona kama umewasha jiko. Kama kazi itakuwepo. Mkuu wa masjala amelipata faili kwenye droo. Amenipa wiki mbili nieleze kwa maandishi. Sijui kueleza. Kila nikianza naandika "Baba yangu", nafuta.

Basi sikia na mimi. Ukirudi hapa kipofu kwa kutaka mwenyewe, usitegemee mkono wangu. Utapapasa kuta. Hata chooni sitakupeleka.

Nimeandika na sifuti. Bahasha naigonga muhuri ule ule, maana naona haya mtu mwingine asome binti anavyomwandikia baba yake.

Karani


Mji wa matofali
Jumapili, 30 Juni

Mwanangu Bi Muhuri,

Samahani kwa mwandiko, naandikia gotini. Ya tatu nimeipata Ijumaa. Nimekaa hapa kidogo, mguu umegoma, si kitu. Mama mmoja ana nyumba ya wageni, ananipa chai na masimango. Nikipata nguvu nitaendelea.

Usifanye jambo lolote kabla hatujaonana. Nakuomba kama baba.

Tarishi


Nyumba ya wageni, nyuma ya kiwanda cha matofali
Jumatatu, 1 Julai

Kwako binti,

Hunijui. Mimi ndiye mwenye nyumba hii, na baba yako yuko chumba cha pili kutoka bombani. Hajui kama naandika. Nimepiga simu hapo kazini kwenu, mwanamume mmoja akaniambia makarani hawapokei simu za binafsi, akanikatia. Anwani nimeinakili kwenye bahasha yake ya jana, aliyonipa nimpelekee posta.

Binti, baba yako haoni. Sijui wewe unalijua hilo au hulijui. Anamimina chai pembeni ya kikombe, halafu anaisifu ilivyo nzuri. Ijumaa alitoka posta na baiskeli yake, akaingia nayo mtaroni, mtaro upana wa mlango, mchana kweupe. Vijana wa kiwandani walimtoa, wakamleta kwangu wakiwa wamembeba yeye na mwingine kabeba gurudumu. Kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Yeye anauliza tu kama baiskeli imeumia.

Nilipomvua shati nilifue, zikaanguka bahasha tatu, zina muhuri mwekundu, hazijafunguliwa hata moja. Nikamwambia, "Mzee, hizi barua mbona hujazisoma?"

Akasema, "Herufi za ndani ni ndogo. Nilizitazama moja juani, nikaona kama siafu wamepita."

"Basi lete nikusomee. Mimi shule nilikwenda, nilifukuzwa lakini nilikwenda."

Akazikumbatia. "Mama, nimepeleka barua maisha yangu yote. Za mapenzi, za misiba, za mahakamani. Hii imeandikwa juu asome mwenyewe, kwa herufi ninazoziona hata mimi. Bahasha ikisema hivyo, imesema."

"Hata kama imeandikwa na mwanao?"

"Hasa kama imeandikwa na mwanangu."

Nikamtukana kidogo, nisamehe. Nikamuuliza anadhani mna nini humo. Mimi naanika shati, yeye akasema anadhani una mimba, au umeharibu kitu kazini, na huna mama wa kumwambia. Alisema moja angeichukulia mzaha, lakini zilipofika mbili akajua unaumia. Alikuwa amebakiza mji mmoja afike huko alikokuwa anakwenda. Akageuza. Binti, huyu mzee amerudi kutoka mji wa reli mpaka hapa akisikiliza ukingo wa lami kwa sikio, anasema anakwenda kwa mwanawe, atamwambia kwa mdomo. Nikamwambia apande basi, akasema kwenye basi hawezi kujua wamefika wapi.

Keshokutwa anataka kuondoka tena. Gurudumu wamelinyoosha wale vijana, wajinga kabisa, wangeliacha lilivyo. Nimelificha chini ya kitanda changu. Sijui nitaweza kulificha mpaka lini, anapapasa kila mahali.

Fanya haraka.

Mama wa nyumba ya wageni


KADI HII HAINA BAHASHA. ASOME YEYOTE. MSOMEE KWA SAUTI MZEE TARISHI, NYUMBA YA WAGENI NYUMA YA KIWANDA CHA MATOFALI.

ALHAMISI, 4 JULAI

BABA, SINA MIMBA. SIRI HAIKUWA YANGU, NI YA MACHO YAKO. UNA PRESHA YA MACHO. DAKTARI BINGWA ATAKUPASUA JUMATANO TAREHE 10 JULAI, HAPA HOSPITALINI. UKIKOSA SIKU HIYO UTAPOFUKA KABISA.

USIENDESHE. USISHIKE HATA KENGELE. DEREVA WA GARI LA POSTA NI YULE MLIYEFANYA KAZI NAYE ZAMANI, AMEKUBALI KUKUCHUKUA KESHO AKIRUDI. MWANDIKO HUU NI MKUBWA. NISAMEHE SIKUANDIKA HIVI TANGU MWANZO.

MIMI NI KARANI WA MASJALA YA HOSPITALI. NIMESOMA FAILI LA MGONJWA NA NIMETOA MAJIBU YAKE BILA RUHUSA. ANAYETAKA KUNISHTAKI ANIKUTE MEZANI KWANGU.


Nyumbani
Jumapili, 14 Julai

Mama wa nyumba ya wageni,

Shikamoo.

Ulimwagiza dereva aniambie nikujulishe yaliyotokea. Nimechelewa, nisamehe. Sijawahi kuandika barua nikiwa sina meza.

Alifika Ijumaa ile jioni. Dereva alifungua mlango wa nyuma nikamwona amekaa katikati ya mifuko ya barua, baiskeli ameilaza mapajani kama mgonjwa. Akaniambia, "Bi Muhuri, leo nimesafirishwa kama kifurushi. Saini, unichukue." Nilitaka kucheka, sauti ikatoka nyingine. Nilisimama mbele yake, hatua mbili tu, na macho yake yalikuwa yananitafuta juu ya bega langu.

Daktari bingwa alimpasua Jumatano. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia, anasema, kilichobaki amekifungia kisiendelee kuliwa, lakini kilichobaki ni kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akasema angefika hospitali mwezi mmoja mapema, akapewa matone ya kushusha presha wakati akingoja siku yake, tungekuwa tunazungumza mengine. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku ananawa mikono, hakuona uso wangu. Mwezi mmoja mapema, Mama, barua yangu ya kwanza ilikuwa kifuani kwake.

Kazi sina. Kadi ilisomwa na dereva, na watu wa posta, na wagonjwa waliokuwa dirishani nilipomkabidhi dereva, habari zake zikamfikia mkuu wa masjala kabla haijafika kwako. Hakunigombeza. Alinyoosha kiganja, akasema, "Muhuri." Nikamwekea. Kuna kikao bado, ila nguo yangu ya kazi nimeshairudisha imefuliwa.

Sasa nikueleze la jana, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumweleza.

Macho yote mawili bado yamefungwa bandeji. Alikuwa amekaa kitandani. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa zile bahasha. Zilikuwa zimelainika kama kitambaa, wino mwekundu umevujia pembeni. Akasema, "Haya, nisomee."

Nikasema, "Baba, yote unayajua. Yalikuwa kwenye kadi."

"Kadi ilikuwa ya kila mtu. Hizi ni zangu. Nimezibeba, lazima zifike."

Nikasoma ya kwanza. Aliposikia tarehe 10 Julai na neno geuza, aligeuza kichwa ukutani, lakini hakunikatiza. Nikasoma ya pili. Kwenye faili na ghorofa alicheka, akasema, "Mwongo gani wewe, hujui hata kudanganya." Ya tatu nilikuwa nimeiweka chini ya paja. Nikakunja zile mbili kwa kelele, nikamwambia zimekwisha.

"Bado moja," akasema.

"Ile ilikuwa ya kurudia tu."

"Mwanangu, mikono hii imehesabu barua gizani tangu hujazaliwa. Bado moja. Soma."

Nikamwambia siwezi. Akasema kama siwezi atamwita jirani. Bahasha imeandikwa asome mwenyewe, lakini mwandishi akiwepo anaweza kutoa ruhusa, ndivyo anavyoona yeye. Nilijua hatanii. Basi nikaichana.

Niliisoma yote, Mama. Pampu na kofia. Kitini. Kamba za viatu. Nilipofika pale pa mwisho nikaishusha karatasi. Akangoja. Nikasoma kwamba asitegemee mkono wangu, kwamba atapapasa kuta, kwamba hata chooni sitampeleka. Nikasoma na saini.

Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, wazi, kama mtu anayengoja kupokea kitu dirishani. Nje kulikuwa na mtoto anapita na baiskeli, mnyororo unalia, akausikiliza mpaka ukaisha.

"Imefika," akasema.

Halafu akashusha miguu kutoka kitandani, ule mzima na ule uliovimba, akanyoosha mkono upande ambao siko.

"Haya, Bi Muhuri. Nipeleke chooni."

Mwanao wa huku,
aliyekuwa karani